Kuandaa hospitali kwa mashambulizi ya kivita na ya kigaidi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Bomu likilipuka kwenye kituo cha treni, wanaotangulia kufika hospitali si wale walioumia vibaya zaidi. Wanaotangulia ni wenye miguu: waliokatwa na vioo, waliozibwa masikio na mlio, waliopigwa na bumbuwazi. Huja kwa teksi, kwa pikipiki, kwa magari ya wasamaria. Ndani ya dakika chache kila kitanda cha idara ya dharura kina mtu. Kisha ambulensi inaingia na mgonjwa anayevuja damu tumboni, na hakuna pa kumlaza.

Tarehe 11 Machi 2004 treni za Madrid ziliposhambuliwa kwa mabomu, hospitali ya Gregorio Marañón ilipokea majeruhi 312. Kati yao 272 waliingia kati ya saa mbili na saa nne na nusu asubuhi. Waliolazwa walikuwa 91, na mahututi walikuwa 29. Kazi yote ya maandalizi ni kuwapata hao 29 ndani ya wale 312 kabla hawajakata roho, na kuhakikisha waliobaki hawawazibii njia. Hatua zilizo hapa chini zinafuata kazi hiyo, na ndiyo sababu tutakaa sana mlangoni.

Hatua ya 1: Hesabu mikono, usihesabu vitanda

Mipango mingi huanza na idadi ya vitanda, na hapo ndipo inapoharibika. Kaa na daktari wa zamu, muuguzi mkuu wa dharura na mtu wa maabara, mhesabu mlicho nacho saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Namba nne zinatosha:

- timu za kuhudumia mahututi (daktari mmoja, wauguzi wawili, karani mmoja);
- meza za upasuaji zenye mtaalamu wa usingizi aliyepo, au anayeweza kufika ndani ya dakika 30;
- mashine za kupumulia zisizotumika;
- uniti za damu ya kundi O zilizomo kwenye friji.

Namba ndogo kuliko zote ndiyo uwezo wenu. Hospitali yenye meza sita za upasuaji na wataalamu wawili wa usingizi ina meza mbili, basi.

Kwa jumla ya majeruhi wa kutarajia, hospitali za Israeli zimekuwa zikipangiwa kujiandaa kwa idadi sawa na asilimia 20 ya vitanda vyake. Kama hamna kipimo chenu, anzeni na hicho. Hospitali ya vitanda 300 ijipange kwa majeruhi 60. Mkichukua uwiano wa Madrid, takriban sita watakuwa mahututi. Shambulio la bunduki hubadilisha hesabu hiyo, kwa sababu risasi hupeleka watu wengi zaidi thieta (chumba cha upasuaji) kuliko vioo vinavyoruka.

Nafasi hupatikana kwa orodha inayoandikwa mapema. Kila asubuhi, wakati wa raundi, kila wodi iandike majina ya wagonjwa wanaoweza kuondoka ndani ya saa moja wakihitajika kufanya hivyo. Wodi isiyokuwa na orodha itaanza kubishana kuhusu nani aondoke wakati ambulensi ziko getini. Wapangieni pia chumba cha kusubiria usafiri, kilicho mbali na mlango wa dharura.

Hatua ya 2: Amueni nani anapiga kengele, kisha mpeni kadi

Mpango wa kurasa 80 uliofungiwa kwenye kabati la mkurugenzi haumsaidii mtu yeyote usiku. Kinachofanya kazi ni kadi: ukurasa mmoja uliowekewa plastiki, kadi moja kwa kila nafasi (msimamizi mkuu, daktari wa triaji yaani wa kuwapanga majeruhi kwa uzito wa hali zao, kiongozi wa thieta, benki ya damu, mapokezi, mlinzi wa geti, famasia, mochwari). Kadi iandikwe kwa nafasi, isiandikwe kwa jina la mtu, kwa sababu mwenye jina anaweza kuwa likizoni. Iwe na mambo matano au sita ya kufanya, yakifuatana.

Mwenye mamlaka ya kutangaza dharura awe daktari mkuu wa zamu, bila kusubiri kibali cha mkurugenzi. Kutangaza bure kunagharimu usingizi wa watu kwa usiku mmoja. Kuchelewa dakika 20 kunagharimu uhai wa watu. Usiku wa 13 Novemba 2015 huko Paris, mamlaka ya hospitali za umma ilianzisha mpango wake wa dharura kwenye hospitali zake zote, takriban 40, na thieta zilikuwa na timu zinazosubiri kabla majeruhi wengi hawajafika.

Anayepokea simu ya taarifa awe na fomu mbele yake na aulize kwa mpangilio: ni wapi hasa, saa ngapi, ni kitu gani (mlipuko, risasi, moshi, harufu), kuna hatari gani bado, njia ipi ni salama kwa ambulensi, majeruhi ni wangapi kwa makadirio, na nani yupo tayari eneo la tukio. Swali la harufu na moshi lisisahauliwe kamwe. Ndilo linaloamua kama milango ifungwe.

Jambo moja ambalo viongozi hulisahau kwa sababu ya hamasa: wafanyakazi wote watakuja, hata wasioitwa. Msimamizi awagawe papo hapo. Nusu wabaki, nusu warudi nyumbani kulala na waje baada ya muda wa saa 12 kupita. Vitani, ambako mashambulizi hufuatana kwa wiki nzima, hospitali isiyofanya hivi hubaki bila madaktari siku ya pili.

Hatua ya 3: Mlango mmoja

Chora ramani ya hospitali na uweke alama kila mahali mtu anapoweza kuingia. Mara nyingi utakuta milango minane au kumi, ukijumlisha ya jikoni na ya kufulia. Dharura ikitangazwa, mmoja tu ubaki wazi kwa majeruhi. Mingine yote ifungwe na iwe na mlinzi.

Magari yaingie upande mmoja na kutoka upande mwingine, bila kugeuza. Gari moja lililojaribu kugeuka kwenye njia nyembamba linazuia yote yaliyo nyuma yake. Asimame mtu mwenye fulana ya kuakisi mwanga mahali pa kushushia, kazi yake ikiwa moja: machela ikishuka, gari liondoke.

Triaji ifanyike nje ya jengo, chini ya paa au turubai lenye taa. Ikifanyika ndani, mlango utakuwa umeshashindwa kazi, kwa sababu aliyekwisha kuingia ni vigumu kumtoa.

Mlinzi apekue silaha na vitu vinavyoshukiwa kabla mtu hajavuka. Hili ni jambo la kawaida kabisa kwa wapiganaji waliojeruhiwa, ambao huweza kuletwa wakiwa bado na bomu la mkono mfukoni. Asiyefundishwa asilishike. Mgonjwa aachwe alipo, watu waondoke, na mtaalamu wa mabomu aitwe. Pia kuna mbinu ya kulipua mara ya pili baada ya waokoaji kukusanyika, kwa hiyo umati usiruhusiwe kujazana mbele ya mlango wa dharura, na gari lisilojulikana lisiegeshwe hapo hata kwa dakika tano.

Ndugu, waandishi wa habari na wanaokuja kuchangia damu wapewe mlango wao upande mwingine kabisa wa hospitali, wenye bango kubwa linaloonekana kutoka barabarani.

Hatua ya 4: Triaji, sekunde 30 kwa mtu

Msimamisheni hapo mtu mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote ambaye hahitajiki thieta. Kumweka mwanafunzi mlangoni na kumhifadhi bingwa ndani ni kosa linalorudiwa kila mahali, kwa sababu kazi ya mlangoni inaonekana ndogo. Si ndogo. Kila uamuzi mbaya hapo unakula timu nzima ndani.

Kila mtu hupewa rangi: nyekundu ni mahututi wa kuhudumiwa kwanza, njano anaweza kusubiri kidogo, kijani ana majeraha madogo, nyeusi amekufa au hawezi kuokolewa. Mpangilio wa kutazama ni huu:

1. Sema kwa sauti: "Anayeweza kutembea, aje huku." Wanaotembea wapewe kadi ya kijani na wapelekwe jengo jingine, si ukumbi wa karibu.
2. Aliyebaki, je, anapumua? Kama hapumui, fungua njia ya hewa kwa kuinua kidevu. Akiendelea kutopumua, mweusi. Akianza kupumua, mwekundu.
3. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Mwekundu.
4. Mapigo ya kifundo cha mkono hayashikiki, au ukucha uliobonyezwa unachukua zaidi ya sekunde 2 kurudisha rangi? Mwekundu.
5. Hawezi kufuata agizo rahisi kama "nibane mkono"? Mwekundu.
6. Amepita vipimo vyote ila hawezi kutembea? Njano.

Daktari wa triaji hatibu. Anaruhusiwa mambo mawili tu: kufungua njia ya hewa, na kuamuru damu inayoruka izuiwe. Akianza kuweka dripu, foleni imesimama.

Mlipuko una udanganyifu wake. Wimbi la hewa huumiza mapafu, matumbo na masikio bila kuacha alama kwenye ngozi, na mtu aliyetembea mwenyewe hadi kwenye kijani anaweza kuanza kukosa pumzi saa kadhaa baadaye. Hatari ni kubwa zaidi kama mlipuko ulitokea ndani ya basi au chumba, ambako wimbi hugonga ukuta na kurudi. Kiwambo cha sikio kilichopasuka hakithibitishi kwamba mapafu yameumia, na kiwambo kizima hakithibitishi usalama. Kwa hiyo kijani kiwe na muuguzi mwenye kipima oksijeni cha kidoleni, anayezunguka kila dakika 15 hadi 30. Akiona oksijeni inashuka, mtu arudishwe kwenye triaji mara moja.

Vioo navyo visidharauliwe. Nairobi, 7 Agosti 1998, watu wengi wa maofisini waliusogelea mlio wa kwanza madirishani, kisha bomu kubwa la ubalozi wa Marekani likalipuka. Zaidi ya 200 walikufa, maelfu wakajeruhiwa, na majeraha ya macho yalikuwa mengi mno. Jicho lililochomwa na kioo lisibonyezwe na lisioshwe kwa nguvu. Lifunikwe kwa kikombe cha plastiki, na mgonjwa asubiri daktari wa macho akiwa ameinua kichwa. Daktari wa macho awe kwenye orodha ya wanaoitwa wa kwanza, jambo ambalo mipango mingi haina.

Ukimpa kila mtu nyekundu kwa huruma, umeiondoa maana ya nyekundu. Tathmini za mashambulizi ya mabomu zimeonyesha kwamba kadiri wasio mahututi wanavyopelekwa wengi kwenye nyekundu, ndivyo mahututi wa kweli wanavyokufa zaidi.

Hatua ya 5: Sanduku la mgonjwa mwekundu

Tayarisha masanduku ya plastiki yenye kifuniko, idadi sawa na mahututi mnaotarajia na kuongeza nusu yake. Kila moja liwe na:

- mikanda 2 ya kubana damu, ile ya kiwandani yenye kijiti cha kusokota;
- shashi ndefu za kujazia kidonda 4, na bandeji za kubana 2;
- kanyula 2 (mirija ya kuingizia dripu kwenye mshipa) za geji 14 au 16;
- asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 2 (kwa ampuli za mg 500, ni ampuli 4);
- kalsiamu glukoneti gramu 3;
- mrija wa kifua wa namba 28 hadi 32 na chupa yake;
- blanketi la kuhifadhi joto;
- chupa za sampuli za damu, bangili na faili, vyote vimeshabandikwa namba moja;
- kalamu ya wino usiofutika.

Mkanda ufungwe sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, usikae juu ya goti wala kiwiko, na usokotwe hadi damu ikatike kabisa. Mkanda uliolegea ni hatari kuliko kutofunga, kwa sababu unazuia damu ya kurudi na kuacha ya kwenda, na kidonda huvuja zaidi. Saa ya kufunga iandikwe kwenye paji la uso au juu ya mkanda. Lengo ni mgonjwa awe amefika kwa mpasuaji kabla ya saa 2 kupita.

Asidi ya traneksamiki hutolewa gramu 1 kwa muda wa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa muda wa saa 8. Itolewe ndani ya saa 3 tangu kuumia, na mapema ni bora zaidi. Ikipita hapo isitolewe, maana inaweza kuongeza vifo. Ndiyo sababu saa ya tukio lazima ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, kila mtu aione.

Maji ya dripu mengi huifanya damu kuwa nyepesi mno na kuipoza. Mgonjwa wa namna hii anahitaji damu: chembe nyekundu, plazma (maji ya damu) na chembe sahani (za kugandisha damu) kwa uwiano unaokaribia 1:1:1, au damu nzima kama ndiyo iliyopo. Kabla ya kupima kundi, O hasi iwekwe akiba kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wanaume wapewe O chanya. Damu ya benki ina kemikali inayomeza kalsiamu ya mwili, kwa hiyo kalsiamu itolewe tangu uniti za mwanzo.

Sasa kuhusu namba za wagonjwa, maana hapa watu hufa kimyakimya. Majeruhi wengi hufika bila fahamu na bila kitambulisho. Hospitali huwaita Asiyejulikana 1, Asiyejulikana 2, hadi Asiyejulikana 14. Muuguzi aliyechoka anasoma 11 badala ya 14, na damu ya kundi A inaingia kwa mtu wa kundi O. Tumieni namba isiyofuatana pamoja na neno: Mwembe 307, Mkaratusi 582, Mnazi 914. Maneno mawili yasiyofanana kwa sauti hayachanganyiki hata kwenye simu. Jina halisi likipatikana, liongezwe pembeni, na lile la awali libaki hadi mgonjwa atoke.

Hatua ya 6: Thieta

Upasuaji wa kwanza ni wa kuzuia kufa, si wa kumaliza. Zuia damu, funga utumbo uliotoboka, jaza vitambaa, acha tumbo wazi chini ya kifuniko, peleka chumba cha mahututi akapate joto na damu. Lenga dakika 60 hadi 90. Ukarabati ufanyike baada ya saa 24 hadi 48. Mpasuaji anayekaa saa tano akiunganisha mishipa ya mtu mmoja kwa ustadi wa kupendeza ana wawili wanaosubiri mlangoni.

Mwendo uwe wa kwenda mbele tu. Aliyetoka dharura kwenda eksirei asirudi dharura, bali aendelee thieta, mahututi au wodini. Skani ya CT ihifadhiwe kwa majeraha ya kichwa na kwa wachache ambao jibu lake litabadilisha uamuzi. Kwa waliobaki, altrasaundi ya tumbo na kifua kando ya kitanda inatosha.

Vidonda vya risasi na vya vipande vya bomu visishonwe siku ya kwanza. Huwa vimebeba udongo, nguo, hata mifupa ya watu wengine. Kata nyama iliyokufa, osha kwa maji mengi, acha wazi, funika kwa shashi kavu nyingi. Rudi baada ya siku 4 au 5 na ushone kama ni safi. Kidonda kilichoshonwa mapema kwa sababu kilionekana kizuri ndicho kinachorudi na usaha au gangrini. Antibiotiki itolewe mapema, ndani ya saa 3 ikiwezekana, na chanjo ya pepopunda kwa kila mwenye kidonda.

Hatua ya 7: Kama kuna harufu, moshi au watu wanaoanguka bila majeraha

Tokyo, 20 Machi 1995, sarini, sumu ya neva, ilitolewa kwenye treni za chini ya ardhi. Hospitali ya St. Luke's ilipokea watu 640 siku hiyo, wengi wakifika kwa miguu na kwa magari ya kupita. Hawakuvuliwa nguo wala kuoshwa nje, na baadhi yao waliwekwa kwenye kanisa la hospitali lililokuwa na hewa kidogo. Mvuke uliokuwa kwenye nguo zao uliwafikia waliowahudumia: kati ya wafanyakazi walioulizwa baadaye, karibu robo walipata dalili.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba mlango ufungwe hadi sehemu ya kuoshea iwe tayari, hata kama watu wanagonga. Ni agizo gumu kulitoa, na mlinzi lazima awe amelisikia kabla ya siku hiyo.

Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya sumu iliyo mwilini. Usisubiri maji. Nguo zikatwe kwa mkasi kutoka mbele, zisivutwe kupita usoni, ziwekwe kwenye mfuko ndani ya mfuko, na mfuko uandikwe namba ya mwenyewe. Kisha maji ya vuguvugu yenye msukumo mdogo, sabuni na sponji laini, kama dakika moja na nusu. Kusugua kwa nguvu na maji ya moto hufungua ngozi na kuingiza sumu. Weka njia mbili zenye mapazia, ya wanaume na ya wanawake. Pasipo na stara watu hugoma kuvua, na foleni yote husimama. Mwisho wa njia pawe na taulo na mablanketi, la sivyo utawaua waliojeruhiwa kwa baridi.

Barakoa ya upasuaji haizuii mvuke. Wanaoosha wavae barakoa yenye kichujio cha kemikali, glavu nene na vazi lisilopenya. Ndani ya vazi hilo joto hupanda haraka, na mtu hufanya kazi dakika 20 hadi 30 kabla ya kulazimika kutoka. Andaa timu tatu za kupokezana, si moja.

Dalili za sumu ya neva ni mboni ndogo kama ncha ya pini, mate, machozi, kamasi, kifua kilichojaa, kutapika, misuli inayochezacheza, degedege. Mpe mtu mzima atropini mg 2, na urudie kila dakika 5 ukiongeza dozi hadi kifua kikauke na apumue kwa urahisi. Usisubiri mboni ipanuke, na mapigo yakienda mbio yasikusimamishe. Pralidoksimu, dawa nyingine ya kupinga sumu hiyo, gramu 1 hadi 2 itolewe polepole kwenye mshipa, na diazepamu mg 10 kwa degedege.

Famasia ikupigie hesabu hii leo. Mgonjwa mmoja mkali anaweza kuhitaji mg 20 za atropini katika kipindi cha kwanza. Kwa ampuli za mg 0.6, hizo ni ampuli 34. Boksi la ampuli 100 halitoshi wagonjwa watatu, na kuvunja ampuli 34 kwa mkono kunahitaji muuguzi mmoja asiyefanya kitu kingine. Ndiyo maana chupa zenye dozi nyingi ni bora zaidi kwa akiba hii.

Kwa mionzi mpangilio hubadilika: okoa maisha kwanza, osha baadaye. Vumbi la mionzi lililo juu ya mgonjwa mara chache sana humdhuru mhudumu mwenye gauni, glavu na barakoa.

Hatua ya 8: Umeme, maji, oksijeni, mtandao

Vita vya sasa hupiga vituo vya umeme kabla ya kupiga wodi. Fanya hesabu, usikadirie.

Oksijeni: mgonjwa wa lita 10 kwa dakika hutumia lita 14,400 kwa siku. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 humtosha saa 11 na kidogo. Wagonjwa kumi ni mitungi 22 kila siku, na mtu wa kuibeba. Kama mnategemea mtambo wa kuzalisha oksijeni, kumbukeni kwamba unakufa pamoja na umeme.

Maji: lita 60 kwa mgonjwa aliyelazwa kwa siku, na lita 100 kwa kila upasuaji. Vitanda 200 na upasuaji 20 ni lita 14,000 kwa siku, au lita 42,000 kwa siku tatu. Matangi yagawanywe sehemu mbili za hospitali, kipande kimoja cha bomu kisimalize yote.

Jenereta ijaribiwe kila mwezi ikiwa imebeba mzigo halisi wa thieta na mahututi, angalau dakika 30. Ikiwashwa bila mzigo inanguruma vizuri na kukudanganya. Makosa ya kawaida ni betri ya kuwashia iliyokufa, dizeli iliyokaa hadi ikaota utando na kuziba kichujio, na jenereta iliyowekwa ghorofa ya chini ambako maji ya bomba lililopasuka huifikia.

Mtandao nao hushambuliwa. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, ambulensi zikaelekezwa kwingine na maelfu ya miadi yakafutwa. Kila kitengo kiwe na boksi la fomu za karatasi za siku tatu: za kulaza, za dawa, za maabara, za damu. Namba za simu za wafanyakazi zichapishwe. Redio za mkononi zichajiwe, na watu wajue kuzitumia, maana simu hukatika au kulemewa katika dakika za mwanzo.

Hatua ya 9: Hospitali yenyewe ikilengwa

Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inalinda hospitali, na azimio namba 2286 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la Mei 2016 lililaani mashambulizi dhidi ya huduma za afya. Wajulisheni pande zote mahali mlipo, mweke nembo ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu kwa idhini ya mamlaka, na muweke daftari la silaha zilizochukuliwa kwa majeruhi pamoja na lini zilikabidhiwa. Silaha hizo hazivunji ulinzi wa hospitali, lakini silaha zisizo na maelezo huleta mashaka. Hata hivyo msitegemee sheria peke yake. Hospitali ya Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) huko Kunduz, Afghanistan, ilipigwa na ndege ya Marekani tarehe 3 Oktoba 2015 ingawa mahali ilipo palikuwa pamejulishwa, na watu 42 waliuawa.

Vitanda visogezwe mbali na madirisha. Mkanda wa gundi uliopigwa msalaba kwenye kioo hauzuii chochote cha maana, ila filamu ya plastiki inayobandikwa kioo kizima hushikilia vipande. Mifuko ya mchanga ijengwe nje ya thieta na mahututi za ghorofa ya chini. Haifa, hospitali ya Rambam ilijenga maegesho ya magari ya chini ya ardhi yanayogeuzwa kuwa hospitali ya vitanda 2,000. Wasio na uwezo huo wachague korido isiyo na madirisha, yenye kuta mbili kati yake na nje.

Angalieni mgongano huu: kwa mabomu watu hushuka chini, lakini klorini na sarini ni nzito kuliko hewa, nazo hushuka chini pia. Tangazo la kipaza sauti lazima liseme ni hatari gani, na maneno yawe mawili tofauti yaliyokubaliwa.

Kuhamisha wasioweza kutembea kwa ngazi huhitaji watu wanne kwa kila mgonjwa, kwa hiyo jueni leo kila wodi ina wangapi.

Hatua ya 10: Zoezi

Asubuhi ya siku ile ile ya mashambulizi ya Paris, huduma za dharura za jiji zilikuwa zimefanya zoezi la shambulio la risasi sehemu nyingi kwa mpigo. Nanyi fanyeni mazoezi, mara mbili kwa mwaka, na moja liwe la usiku bila taarifa. Zoezi dogo la kila mwezi linatosha kuwa hili: piga simu saa nane usiku kwa orodha ya wanaoitwa, na uandike wangapi walipokea, wangapi wangefika ndani ya dakika 30, na namba zipi hazipo tena.

Katika zoezi kubwa leteni "majeruhi" 40 kwa dakika 30, na wa kwanza 25 wawe wanaotembea. Msiwaambie watu wa mlangoni. Mpime mambo matatu: dakika tangu tangazo hadi milango mingine yote kufungwa, wekundu wangapi walipata timu ndani ya dakika 10, na wangapi walibadilishiwa jina au namba njiani. Kisha fungueni masanduku yote ya wekundu, mtazame tarehe za mwisho za dawa, mrudishe kilichotumika usiku huo huo, na aliyekagua aandike jina lake na tarehe juu ya kifuniko.